Poda ya Bi Harusi na Sumaku ya Fundi Spika

Ushongo,
3 Novemba 2024

Kwa mwanangu Najat, binti wa kaka yangu,

Assalaam alaykum, wewe na wote unaokaa nao huko Pune. Huku hatujambo sote, isipokuwa simu yangu, Mungu aiweke pema. Ilitumbukia kisimani siku ya maulidi nilipoinama kuchota maji, nayo nilikuwa nimeitia kifuani, ikazama huku inaita. Watu wanataka kuninunulia nyingine, nimekataa. Ile simu kila mtu wa Ushongo alikuwa na hisa ndani yake. Nikizungumza nawe, jirani ndiye anayejibu. Barua naiandika mwenyewe na kuifunga mwenyewe, na mimi nimewafundisha watoto wa watu mwandiko mpaka nikastaafu, si vizuri wangu ukaota kutu.

Baba yako yuko Moa na mashua zake, mzima, anakusalimu. Alikuja wiki iliyopita, akala samaki wote, akaondoka.

Sasa habari yenyewe. Mwantumu wangu anaolewa. Posa imekuja, imejibiwa, harusi ni Shaaban, kabla hatujaingia Ramadhani. Bwana harusi ni kijana wa Pangani, ana duka la vipuri vya bodaboda. Usiniulize nani kawakutanisha. Toka Ushongo hadi Mkwaja hakuna ndoa iliyosimama ambayo sikuwa mshenga wake, nishindwe na ya binti yangu? Ila kwa vile mimi ni mama mtu, ilinibidi nikae nyuma ya pazia nikijifanya sijui lolote. Nusura nipasuke.

Bi harusi ana ombi kwako: hina nyeusi ya huko India. Anasema maharusi wa huko mikono yao humeremeta hadi kiwikoni. Umletee, usimwache akapakwa kama sisi wa zamani.

La pili, watu wananiuliza unafanya nini huko miaka yote hii. Nawaambia unapika unga wa chuma. Wanacheka mpaka wanakaa chini. Nieleze vizuri niwafunge midomo.

Na redio yangu imepona. Fundi Idarusi wa Pangani, yule wa spika, alikuja mwenyewe kuitengeneza. Nakutajia hilo kwa sababu uliuliza habari za redio.

Wako shangazi,
Mastura


Pune,
12 Desemba 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Mimi mzima, nimenenepa kwa dengu, na Kihindi changu sasa kinatosha kugombana na muuza mboga. Nimeilia simu yako kwa kicheko. Hongera kwa Mwantumu, na hongera kwako kwa kukaa nyuma ya pazia bila kupasuka. Sikumbuki kuuliza habari za redio, lakini nimefurahi kusikia imepona.

Unga wa chuma si mbali sana na ukweli. Chukua mafuta ya nyonyo. Ukiyaunganisha na gesi ya haidrojeni yanaganda na kuwa nta, ile ngumu ya kutengenezea girisi na dawa ya viatu. Lakini mafuta na gesi ukiviacha vyenyewe vitatazamana mpaka kiyama, kama wachumba walionyimwa mshenga. Lazima aingie mtu wa tatu. Sisi tunamwita kichocheo. Huyu huwaunganisha wawili, ndoa ikafungwa, naye akatoka kama alivyoingia, akaenda nyumba ya pili. Nilipokisoma hicho darasani mara ya kwanza nilicheka peke yangu, mwalimu akaniuliza kuna nini, na ningemwelezaje kwamba nimemwona shangazi yangu kitabuni?

Shida ya viwandani ni kumtoa mshenga ndoa ikishafungwa. Vichocheo ni poda laini ya madini adimu. Vinabaki ndani ya nta, unachuja kwa vitambaa, vitambaa vinaziba, nusu inapotea na inayobaki inachafua bidhaa. Basi mimi nimetengeneza chembe ndogo mno, darubini ya shule haizioni. Moyo wake ni oksidi nyeusi ya chuma, ndugu yake kutu. Juu nimezivika kanzu nyembamba sana kama ya kioo, na juu ya kanzu nimezibandika paladi, madini ghali, ambayo ndiyo mshenga hasa. Kazi ikiisha unaweka sumaku nje ya chombo. Chembe zote zinakimbilia ukutani, unamimina nta yako ikiwa bado ya moto, unaondoa sumaku, na mshenga yuko tayari kwa harusi nyingine. Shangazi, mara ya kwanza nilipoona weusi wote ule unatembea kwenda kando na mafuta kubaki meupe, nilirukaruka hadi nikamkanyaga profesa.

Sasa sikiliza, hapa ndipo roho yangu ilipo. Kule Tanga kuna kiwanda kipya cha nta ya nyonyo. Mhandisi wao, Wilfred, Mlutheri wa Lushoto, mtu wa maneno machache, amekubali kuijaribu poda yangu kwenye mtambo wao mdogo. Ikifaulu, wananipa kazi ya kuendesha sehemu hiyo, narudi nyumbani moja kwa moja. Isipofaulu, kuna kampuni ya hapa Pune imeshaniita, nami sitakuwa na sababu ya kuikatalia. Poda yote niliyoitengeneza kwa muda wa nusu mwaka naituma. Nyingine sina, na paladi ya kutengenezea nyingine hawanipi.

Anayekuletea barua hii ni Leticia, binti wa Mzee Yona wa Muheza, anasoma uuguzi hapa na anakuja nyumbani kwa Krismasi. Ana mizigo miwili midogo. Mmoja ni hina ya Mwantumu, mwingine ni poda ya mhandisi Wilfred, naomba umfikishie. Zote nyeusi, lakini huwezi kukosea: nimefunga kila moja kwa hadhi yake.

Nakubusu mikono.
Najat


Ushongo,
9 Januari 2025

Kwa Najat,

Marahaba mwanangu. Leticia amefika salama, mtoto ana adabu, amekula hapa mpaka akaomba kulala. Mizigo nimeifungua kwa mikono yangu, nikaitazama, nikaona kweli kila kitu umekifunga kwa hadhi yake. Nimegawa ipasavyo. Ya Mwantumu nimeitia sandukuni pamoja na udi na marashi yake. Ya mhandisi ameipeleka Idarusi, alikuwa anakwenda Tanga kununua nyaya. Alisema haina tabu, yuko njiani. Njia ya Pangani kwenda Tanga haipiti Ushongo, lakini mimi nani nimfundishe mtu njia.

Ile habari ya kichocheo nimewasomea wanawake hapa barazani. Wamesema sasa wameelewa kila kitu isipokuwa jambo moja: huyo mshenga wa kioo na chuma, yeye mwenyewe haolewi? Nikawaambia wanyamaze, hiyo ni sayansi.

Nina kazi nyingi, mchele haujachaguliwa. Tukiwa hai nitakuandikia baada ya harusi.

Mastura

Baadaye: Idarusi kasema spika za harusi atazileta yeye, zote, hata ile kubwa.


Pune,
20 Februari 2025

Shangazi, shikamoo.

Natumai harusi ni njema na Mwantumu amependeza. Nisamehe, barua hii haina mbwembwe.

Mhandisi Wilfred ameniandikia barua pepe. Jaribio limefanyika na limeanguka. Anasema poda yangu ilipoingia kwenye mafuta, mafuta yakawa meusi kama wino wa pweza. Hayakuganda. Wakaweka sumaku nje ya tangi, hakuna hata chembe iliyosogea. Wakaweka ya pili, hakuna. Imewabidi wausugue mtambo kwa sabuni na bado una rangi. Alimalizia kwa maneno ya upole sana, na upole wake umeniumiza kuliko ambavyo matusi yangeniumiza.

Nimekaa na daftari zangu siku nzima nikitafuta nilipokosea. Hapa maabara poda ile ilikwenda na kurudi, ikaenda na ikarudi, sumaku haikuiacha hata punje. Iweje ifike Tanga isahau? Labda unyevu wa njiani. Labda mimi si mjuzi kama nilivyodhani.

Kampuni ya hapa inataka jibu mwisho wa Aprili. Nimeanza kutazama vyumba vya kupanga. La kuvunda halina ubani, shangazi. Nilishaanza kuota nanunua dagaa sokoni Pangani, na sasa naona aibu kwamba niliota mapema.

Nisalimie baba.
Najat


Ushongo,
24 Februari 2025

Kwa binti yangu Najat, asiyekuwepo siku ambayo dunia nzima ilikuwepo,

Alhamdulillahi, harusi imepita. Mwantumu yuko fungate huko Pangani, baba yako alilia akasingizia vumbi, na pilau lilitosha mpaka waliokuja bila kualikwa wakafungiwa la kuondoka nalo. Nimechakaa, sauti imeniisha, ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa.

Lazima nikueleze ya hina yako, kwa maana huku hakuna mazungumzo mengine.

Siku ya kupaka, wanawake tumejaa uani hata pa kuweka mguu hakuna. Nikatoa kile kichupa chako cha kioo. Lo, kilipita mkono kwa mkono! Kifuniko cha kuzungusha, kimezungushiwa nta, ndani ya pamba, pamba ndani ya kijisanduku. Kila mtu akasema huyo ndiye binti wa watu, anajua bi harusi hafungiwi kitu kwenye mfuko wa plastiki. Kungwi akaimimina yote bakulini, akatia ndimu na sukari kama kawaida, akakoroga, akampaka Mwantumu maua hadi kiwikoni. Ikakauka. Tukaosha. Mikono ikatoka na rangi ya mtu aliyeshika sufuria la kuni. Mwantumu akaanza kulia. Kungwi akasema imepungukiwa ndimu, wakaongeza ndimu, wakapaka tena, masizi yale yale.

Sasa lililofuata ndilo lenyewe. Lile spika kubwa lilikuwa likikohoa, na Idarusi asubuhi alikuwa amelifungua tumbo, akautoa utumbo wake mzito ule wa duara, akauacha mkekani akatoka, maana wanawake tulikuwa tumeshaanza kuingia. Kungwi bila kutazama akaweka bakuli la hina kando yake. Najat, Wallahi nakwambia, ile hina ilisimama. Iliinuka miiba miiba kama mgongo wa nungunungu, yote imeelekea upande mmoja, na kungwi alipolivuta bakuli miiba ikamgeukia. Uani pakabaki mimi, bi harusi na vyakula. Wengine wote walipita juu ya ukuta wa makuti, na wamo ambao siku zote hawawezi kusimama bila kushikwa mkono.

Basi akasomewa Mwantumu dua, ikatafutwa hina ya kawaida ya dukani, akapakwa, akawa mzuri kupindukia. Ya bakulini pamoja na maji ya kuoshea mikono tumeyatia katika mtungi, tukafunga kaniki mdomoni. Unajua desturi yetu: maji ya bi harusi hayamwagwi njiani yakakanyagwa na wenye husuda, huwekwa mpaka siku anaporudi kuwaamkia wazee wake. Kwa kuwa Ramadhani ndiyo hiyo, atakuja Idi. Mtungi kaondoka nao.

Sikulaumu. Lakini ukinunua hina tena usinunue kwa mtu mwenye jini.

Idarusi alipiga spika mpaka mwisho na hakula mpaka nilipomwekea mwenyewe. Nakutajia tu.

Mastura


Pune,
14 Machi 2025

SHANGAZI,

Shikamoo na Ramadhani njema na usimwage ule mtungi.

Usimwage. Usimwage. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za maabara, na nilipofika kwenye nungunungu nilipiga ukelele mpaka mlinzi akaja na fimbo. Nimecheka nikalia, nikalia nikacheka. Shangazi, hilo si jini. Hiyo ni kazi yangu. Utumbo wa spika ni sumaku. Kichupa cha kioo ndicho kilikuwa cha mhandisi Wilfred! Kioo ni kwa ajili ya poda isiingiwe na unyevu, si kwa heshima. Hina ya Mwantumu ndiyo ile ya mfuko wa plastiki, nimempimia sokoni mwenyewe, na hiyo ndiyo waliyoitia kwenye mtambo. Maskini mhandisi. Amelipaka hina tangi lake.

Niliandika kila moja kwa hadhi yake, nikakuachia wewe hadhi. Ningekuwa na akili ningekumbuka nimelelewa nyumba gani.

Nimempigia simu mhandisi Wilfred. Nilipomwambia poda ipo, imepakwa mikononi mwa bi harusi, alisema, dada Najat, mimi nimetosheka na rangi. Nimempigia Mwantumu, simu anapokea mumewe, nikitaja mtungi anacheka na kukata. Nimempigia baba huko Moa. Akasema mambo ya maji ya bi harusi hayamhusu mwanamume hata awe amemzaa nani, niandike kwa shangazi. Ndiyo naandika, natuma kwa njia ya haraka, na kila nikisali namwomba Mungu barua hii iwahi Idi.

Ukiupata mtungi: mimina kwenye kitu cha kioo unachoweza kuona ndani. Weka sumaku kubwa nje, ubavuni. Subiri weusi uende ukutani. Mwaga maji, tia maji safi, rudia mpaka maji yawe meupe, kisha suuza kwa spiriti ya dukani. Na Mwantumu aoshe mikono vizuri kwa sabuni kama bado hajaosha. Sumaku unajua mwenye nayo. Nakutajia tu.

Kampuni ya hapa bado sijaijibu.

Wako anayechanganyikiwa,
Najat


Ushongo,
4 Aprili 2025

Kwa Najat wangu,

Marahaba, na Idi mubarak. Kaa chini kwanza.

Barua yako ililetwa Idi mosi, sisi tumeshavaa. Nilipoisoma nilijiona mpumbavu wa kwanza Uswahilini, halafu nikamkumbuka mhandisi akisugua tangi lake lililopakwa hina, nikaanguka na kanga yangu mpya. Mwantumu alikuwa aje Idi pili. Maana yake siku ya pili yake kungwi angeushika ule mtungi na kuumwaga chini ya mnazi, akamaliza. Nikamtuma mtu wa bodaboda kwa Idarusi: njoo na utumbo wa spika, usiulize. Hakuuliza. Idi pili, Mwantumu ameshafika na mtungi wake, alikuja kaubeba mapajani kama mtoto, na nyuma ya pikipiki nyingine yuko mtu mrefu amevaa tai. Ni mhandisi Wilfred. Kumbe tangu siku ile alipompelekea mzigo wamekuwa marafiki, na Idarusi alikuwa amemwalika pilau. Aliniamkia vizuri, lakini nilimwona anavyoutazama ule mtungi, kama mtu anayetazama bili ya umeme.

Kungwi alikataa. Alisimama mbele ya mtungi akasema maji ya mwari wake hayaonwi na wanaume wawili na sumaku. Tulibishana hadi pilau likapoa. Mwishowe Mwantumu mwenyewe akasema maji ni yake, mikono ilikuwa yake, na dada yake Najat arudi nyumbani ndiyo zawadi ya harusi anayoitaka. Kaniki ikafunguliwa. Eh, mwanangu. Uliandika la kuvunda halina ubani. Hili lilikuwa limevunda hasa, ndimu na sukari tangu Februari, lilinuka hadi paka akahama. Na bado likapona.

Nilichukua jagi langu la kioo la sharubati ya Idi, Mungu anisamehe. Tukamimina. Maji meusi tititi. Idarusi akapiga magoti, akauweka ule utumbo ubavuni mwa jagi. Kwanza hapakutokea kitu. Mhandisi akarudi kwenye sahani yake. Halafu ukingoni kukaonekana mstari mwembamba wa maji ya njano, ukapanuka, na weusi ukaanza kutembea, Najat, polepole, wote, kama waumini wanaojipanga safu. Tukabaki na jagi lina ukuta mweusi upande mmoja na upande wa pili namwona kungwi kinywa wazi.

Mhandisi alikuja na sahani mkononi, akachuchumaa, akasahau kula. Tukaosha tena, na tena. Kila tukimwaga, poda imebaki. Akaomba aushike yeye utumbo wa spika, akausogeza huku, weusi ukamfuata, akausogeza kule, ukamfuata. Nikamsikia anacheka, mtu yule wa maneno machache, anacheka peke yake. Kisha akasema, "Shangazi, Najat nilikwisha kumwandikia kwamba haifai. Lakini kama imerudi kutoka harusini, itarudi kutoka kwenye tangi langu."

Nami nikamjibu, "Basi na aliyeitengeneza umrudishe."

Ameondoka na poda ndani ya kichupa kile kile cha kioo. Safari hii nimekifunga mimi, kwa pamba, na kijisanduku, na nimekifukiza udi kidogo nje. Usinigombeze, kilikuwa kinanuka.

Idarusi alibaki kuosha jagi.

Mastura


Pune,
2 Mei 2025

Shangazi, shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Umeshasikia? Lazima umeshasikia, fundi atakuwa amekuambia. Wameifanya. Mhandisi Wilfred ameniandikia kurasa nzima, mtu ambaye barua pepe yake ndefu kuliko zote ilikuwa na mistari miwili. Mafuta yameganda, nta imetoka nyeupe kama nazi, sumaku ikaitoa poda, wakaitia tena, ikafanya kazi tena. Imepungua nguvu kidogo, ukali wa ndimu zenu umeitafuna kanzu, lakini amesema hilo ndilo lililomtuliza: poda iliyotiwa ndimu, ikapakwa mtu, ikavunda Ramadhani nzima, na bado inaungana na sumaku, kiwandani haitamsumbua.

Kazi nimepata. Kampuni ya hapa nimeijibu kwa adabu. Nimezunguka mabweni yote nikigawa vyombo vyangu, Leticia amechukua jiko. Nakuja Juni.

Ila nina swali la kitaalamu, na wewe ndiye mtaalamu. Nimezipanga barua zako zote kitandani. Katika kila moja, bila kukosa, yumo fundi mmoja wa spika. Alitengeneza redio ambayo sikuiuliza. Alipita njia isiyopita kwako. Hakula mpaka akawekewa. Alibaki kuosha jagi. Mwanzoni nilidhani unanitafutia mimi mchumba, nikawa naandaa majibu ya kukataa kwa upole. Halafu nikakumbuka kwamba mkewe alifariki miaka ile nikiwa sekondari, na binti yake ni rika langu. Kwa hiyo nauliza: fundi anamfuata nani Ushongo, shangazi?

Nasubiri.
Najat


Ushongo,
20 Mei 2025

Kwa Najat,

Marahaba. Hatujambo. Mvua ni nzuri, mihogo imeshika. Mwantumu anatapika asubuhi, sisemi zaidi. Baba yako anapaka mashua rangi kwa ajili yako. Mbuzi wa jirani bado anakula kanga zangu.

Karatasi inaelekea kuisha.

Haya. Imekuja posa.

Ilikuja Alhamisi. Mimi najua posa, nimezipeleka hadi visigino vikachanika, nikaona mtu anakuja na kitambaa cheupe mkononi nikajua, lakini nikadhani kapotea nyumba. Na mshenga mwenyewe ni nani? Mhandisi Wilfred. Mlutheri wa Lushoto, na tai yake, anatoka jasho, amefundishwa maneno ya Kiislamu ya kuanzia akayasema yote kwa mpigo kama mtoto wa chuoni. Nilimpa maji. Ndani ya kitambaa kulikuwa na barua, na pamoja na barua ule utumbo wa spika, umesuguliwa unang'aa. Barua haina maneno mengi. Fundi anasema yeye hajui kusema, lakini kila akipita karibu na Ushongo anavutwa, na amechoka kutafuta visingizio vya waya.

Nilicheka, kisha nikaingia chumbani nikalia, nikatoka nikacheka tena. Tangu alipofariki mjomba wako, baba yake Mwantumu, nimejipangia kwamba yangu yamekwisha, kazi yangu ni kuunganisha ya wenzangu na kurudi nyumbani kama nilivyotoka. Nilijizoeza. Hata uliponiandikia ile ya kichocheo niliisoma mara nyingi, nikasema kweli huyu ni mimi, wala sikukuambia kwamba iliniuma.

Sasa nina tatizo ambalo sijawahi kulipata. Katika nyumba yetu jibu la posa halipelekwi na anayeposwa, wala na mwanamume. Baba yako amekubali, ndoa ataiozesha yeye, lakini jibu amesema halitii mdomoni. Mwantumu ni mtoto wangu wa kumzaa, haifai. Hujibiwa na shangazi, na mashangazi zangu wote wako makaburini Pangani. Amebaki mtu mmoja ambaye mimi ni shangazi yake. Nimeuliza wazee kama kamba hiyo inaweza kuvutwa kwa upande wa pili, wamecheka, wamesema inaweza.

Kwa hiyo mhandisi nimemrudisha bila jibu. Nimemwambia msemaji wangu yuko India. Nilidhani unarudi kwa ajili ya nta. Rudi pia kwa ajili yangu.

Mastura


Pune,
6 Juni 2025

Shangazi, shikamoo, na Idi njema.

Fupi tu, sanduku la rafiki yangu liko mlangoni na teksi yake inapiga honi. Barua hii anakuja nayo yeye, anatangulia kwa ndege ya leo. Mimi natua Dar Alhamisi, Ijumaa niko Ushongo inshallah.

Mwambie mshenga mwenzangu Wilfred aje Jumamosi alasiri, na tai yake. Fundi akae kwake Pangani, asipite njiani kwa bahati mbaya. Wewe ingia chumbani, kaa nyuma ya pazia ujifanye hujui lolote, kazi hiyo unaiweza. Jibu nitalitoa mimi, kwa sauti, hata jirani mwenye mbuzi asikie.

Umeingia harusi za pwani nzima ukatoka kama ulivyoingia. Hii hutatoka hivyo, na safari hii niko mlangoni mwenyewe kuhakikisha.

Ile sumaku usimrudishie.

Najat